Ukuta Tuliousomea Kitabu Zombe

Nimestaafu. Hakuna aliyenistaafisha, kwa sababu katika kazi yangu mkubwa nilikuwa mimi na mdogo nilikuwa mimi. Magoti ndiyo yaliyoanza mgomo. Daktari mmoja wa Makindu aliyabonyeza, akaniuliza nimekuwa nikibeba nini miaka yote hii. Nikamwambia mito. Akadhani natania.

Nyinyi vijana mnaoshika mwiko sasa mmeniomba niwaandikie vile nilivyofanya kazi. Sitawaandikia nilichopata. Nyumba yangu inaonekana kutoka barabarani, haihitaji maelezo. Shule niliiacha darasa la nne, au yenyewe iliniacha, hatukuwahi kukubaliana. Lakini mtu yeyote anayechota maji safi kiangazi kati ya Zombe na Kambu, mwulizeni ukuta wake ulijengwa na nani. Akisema si Kimanzi, yaani mimi, basi ajue tu ukuta wake bado ni mchanga kwa umri.

Kwa yule atakayesoma haya na hajui kazi yetu, nitaeleza mara moja. Mito yetu ina maji siku chache za mvua, halafu inabaki mchanga mtupu. Fundi anajenga ukuta wa mawe na simiti juu ya mwamba, kutoka ukingo huu hadi ule. Mvua ikija, maji yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani yake, mahali jua haliyaoni wala ng'ombe hawayachafui. Kiangazi unachimba kwa mkono, unachota. Ni kitu rahisi. Ndiyo maana watu wengi hukiharibu.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Kambu, kando ya barabara ya Mombasa. Nilikuwa na mabega mapana na akili nyembamba. Fundi aliyenichukua aliitwa Mzee Nzioka. Nilimwambia najua kukoroga zege. Alinitazama, akanipa mfuko wa simiti.

"Soma hiyo."

Nikasoma, neno moja leo, lingine kesho. Alinisubiri. Baadaye ndipo nilielewa kwamba mzee alikuwa anaona mbuzi kwenye kilima cha mbali, na anakwambia kama ni dume, lakini maandishi ya mbele ya pua hayaoni. Basi akanifanya miwani yake. Nilimsomea mifuko, nilimsomea pakiti za misumari, na saa ya chakula nilimsomea kipande cha gazeti kilichofungia nyama. Hapo ndipo niliposomea. Walimu wangu walikuwa bucha.

Shida ya gazeti la nyama ni kwamba limekatwa. Siku moja nilisoma habari ya mwizi wa ng'ombe aliyekuwa anakimbizwa, na kipande kikaisha akiwa bado anakimbia. Mzee Nzioka aliweka mwiko chini.

"Kwa hivyo walimshika ama hawakumshika?"

"Gazeti imeishia hapo, mzee."

"Enda ununue nyama ingine."

Nikaenda. Ile nyama nyingine ilifungwa na tangazo la mkutano wa injili. Mzee alikasirika mpaka jioni, na ule ukuta wa choo tulioujenga siku hiyo umepinda hadi leo.

Alinifundisha kila kitu cha mkono. Timazi usimwazime mtu, hata ndugu yako, maana kamba ya timazi ikishajua mkono wa mvivu inaanza kudanganya. Mawe yaoshe kabla ya kuyaweka. Usiamini mwamba mpaka uupige kwa mtaimbo na usikie unajibu. Haya yote bado ni kweli, na msinijie na mambo ya video.

Lakini kuna kitu kimoja hakunifundisha, kwa sababu na yeye hakuwa nacho. Tulijenga ukuta mkubwa upande wa Makueni, mimi na yeye na mwethya wa pale. Mwethya ni ile desturi yetu ya majirani kukusanyika kufanya kazi moja pamoja, leo kwangu kesho kwako, na usipokuja watu wanakumbuka mpaka kwa mazishi yako. Ule mwethya ulikuwa moto. Watu walibeba mawe wakiimba, na ukuta ukapanda kutoka mwamba hadi juu kabisa katika kiangazi kimoja. Tukapiga picha. Mvua ikaja. Tuliporudi kutazama, nyuma ya ukuta hakukuwa na mchanga. Kulikuwa na matope, laini kama uji wa mtoto, kutoka chini mpaka juu. Yakakauka, yakapasuka, na ukichimba hupati tone. Vyura walifurahi wiki mbili, halafu hata wao wakahama.

Mzee Nzioka alilaumu simiti. Akalaumu mchanga, akalaumu shetani. Wale kina mama wa pale walirudi kwenda mto wa mbali na punda wao, kama zamani. Alikufa bado analaumu simiti.

Sasa nakuja kwa kitabu.

Nilikuwa Makindu nasubiri lori la simiti lililokuwa limeharibika njiani. Nilikuwa nimekula chapati na dengu pale kwa hekalu la Singasinga, ambako humlisha msafiri bure bila kumuuliza anatoka wapi, na nikatoka nikiwa na tumbo limejaa na siku nzima haina kazi. Kando ya barabara mtu alikuwa ametandaza vitabu kuukuu juu ya gunia. Nilichukua kilichokuwa kinene. Jina lake siwezi kuwaambia, na la mwandishi pia, kwa sababu jalada lilikuwa limetoka na muuzaji alikuwa amekishonea jingine, la katoni ya biskuti.

Kilikuwa hadithi ya mama mjane anayeoka mikate katika nchi ya baridi, kwenye kijiji kilicho chini ya jabali. Watu wa kijiji cha juu wanazunguka mlima mzima kuja kwake. Basi anaamua kuchonga ngazi kwenye jabali. Kila mwaka anachonga vidaraja vichache tu vya kukanyagia, halafu anaacha. Watu wanamcheka. Yeye anasubiri baridi ipite, maana ile barafu inapasua jiwe lililo bovu, na kidaraja kilichobaki kizima baada ya baridi ndicho anachokanyaga ili kuchonga kinachofuata.

Nilisoma sura za mwanzo hapo nikiwa nimekaa juu ya jiwe, nikasimama, nikakaa tena. Nilikuwa nauona ule ukuta wa Makueni mbele ya macho yangu. Maji yakikuta ukuta mrefu, yanasimama. Yakisimama, kila kitu kinazama, hata matope yaliyo laini kabisa. Lakini yakikuta ukuta mfupi, yanauruka yakikimbia, yanaondoka na matope yake, na mchanga ulio mzito ndio unaobaki. Kwa hivyo unajenga kidogo, unaacha mto ujaze mchanga, unarudi, unapandisha kidogo tena. Mzee Nzioka alimaliza kazi yake kabla mto haujaanza ya kwake.

Nasikia kuna watu walijua hivyo zamani. Sawa. Hawakuniambia. Aliyeniambia ni mama wa mikate, na hata yeye alikuwa anaongea juu ya barafu. Ndiyo nawaambia nyinyi vijana msisome vitabu vya simiti peke yake. Mimi nimevisoma pia, na vilinifundisha vitu nilivyokuwa navijua, kwa picha nzuri zaidi. Wazo kubwa halikai katika kitabu likiwa na jina lako. Linakaa na mikate yake, na wewe ndiye unalipeleka mtoni.

Kazi iliyofuata ilikuwa Zombe. Mwenyekiti wa mwethya alikuwa Mama Kasyoka, mama mwembamba mwenye sauti ya kufukuza ndege shambani. Mawe yalikuwa yamekusanywa, simiti imefika, pasta ameomba. Nikawaambia msimu huu tunajenga mpaka kwa goti, tunaacha.

Wakacheka.

"Fundi," akasema kijana mmoja anayeitwa Munyao, "hata mbuzi ya nyanya yangu itaruka hii ukuta, na hiyo mbuzi ni mgonjwa."

"Ukuta si wa kuzuia mbuzi."

"Ni nani amekwambia tujenge nusu?" akauliza Mama Kasyoka.

"Mama mmoja anaoka mikate, mwaitu." Sisi Wakamba mama wa heshima unamwita mwaitu, hasa kama amekasirika.

"Wa wapi?"

"Wa kitabu."

Hapo wakacheka mpaka pasta akalazimika kuomba tena. Lakini Mama Kasyoka hakucheka. Alinivuta kando.

"Nisikize vizuri. Sijasema uko na makosa. Lakini mwethya ni kama chungu ya muthokoi. Ukiitoa kwa moto haijaiva, hakuna mtu atarudi kukoka tena. Mvua ikinyesha hawa wataenda kwa mashamba. Wakivuna ndengu, wengine wataenda Kambu na Makindu kuuza vitu kwa barabara. Nani atarudi kubeba mawe kwa ukuta wa goti? Unajua ni nusu-ukuta ngapi ziko hii Kitui? Mbuzi zinasimama juu yake kuangalia watu."

Hilo lilikuwa kweli, na kitabu kilikuwa hakijanijibu. Ukijenga kwa mara moja, unapata matope. Ukijenga kwa misimu, unapoteza watu. Kwa njia zote mbili wale kina mama wanaendelea kwenda mto wa mbali, na mimi napata ukuta wa pili wa aibu, huu sasa ukiwa wangu peke yangu.

"Watarudi," nikasema.

"Wasiporudi utabeba hayo mawe wewe mwenyewe. Yote."

"Sawa."

Mimi huwa nasema sawa kwanza. Imenisaidia maishani kuliko darasa la tano.

Tukaanza. Saa ya chakula mimi nilikaa kwenye kivuli cha jabali na kitabu changu. Mama Kasyoka akaniona midomo inatembea.

"Hiyo ni Biblia?"

"Ni ile ya mikate."

"Soma tusikie."

Nikasoma kwa sauti. Yule mjane alikuwa na jina la kuvunja meno, nikambatiza Syombua, na mwanawe nikamwita Mutua. Theluji niliwaeleza kuwa ni unga wa baridi unaomwagika kutoka juu. Mtu akauliza kama unaweza kupikwa. Saa ya chakula ikaisha, hakuna aliyesimama. Mama Kasyoka akatatua hilo. Aliwapanga katika mstari kutoka kwa rundo la mawe mpaka kwa ukuta, jiwe linapita mkono kwa mkono, na mimi akanisimamisha katikati nisome. Kukoroga akampa Munyao. Nilipoona zege la Munyao nilisoma kwa uchungu, lakini nilisoma. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia watu wakilalamika kwamba mawe yameisha.

Siku ya mwisho ya msimu huo, ukuta ukiwa kwa goti, kitabu kilifika mahali Mutua anagombana na mama yake juu ya zile ngazi. Anamwambia amechoka kuchekwa. Anachukua begi na kutoka, na mama anabaki na unga mikononi. Kulikuwa na ukurasa mwingine. Niliuona. Nikatazama ule ukuta wa goti, nikafunga kitabu.

"Alienda wapi?" akauliza mama mmoja anayeitwa Ndunge, muuza nyanya.

"Sijui."

"Fungua."

"Tuonane baada ya mvua."

Walinitukana kwa Kikamba kizuri sana, kile cha wazee. Munyao akataka kuazima kitabu, arudishe kesho. Mama Kasyoka akanyoosha mkono tu, bila kuomba.

"Leta hiyo kitabu hapa."

"Kitabu ni kifaa cha kazi, mwaitu. Ni kama timazi. Fundi haachi vifaa saiti."

Alinitazama, akatazama ukuta, akanitazama tena. Nafikiri hapo ndipo alipoelewa. Alinifungia muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, kwenye mkebe wa kula njiani, na huo mkebe bado ninao.

Mvua ilinikuta Makueni nikijenga matangi. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mke wangu anaweza kuwaambia vingine, msimuulize. Najua tu kwamba katika grupu ya simu ya mwethya wa Zombe, ambayo kwa kawaida ilikuwa ya matangazo ya mazishi, watu walikuwa wanabishana kama Mutua alifanya vizuri. Ndunge aliandika kwamba kijana hana adabu. Munyao akajibu kwamba hata yeye angeenda. Pasta akauliza kama huyu Syombua ameokoka. Nikajibu kwamba kitabu hakijafika hapo.

Nilirudi Zombe mvua ilipokatika. Niliteremka mtoni asubuhi peke yangu, na nyuma ya ukuta wa goti kulikuwa na mchanga. Mchanga wa chembe nene, safi, umejaa mpaka kwa mdomo wa ukuta. Nilichimba kwa kiganja. Maji yakaja polepole, kama mgeni anayevua viatu. Nikanywa. Nasema bila kujisifu kwamba hakuna mtu Kenya hii alikuwa mwerevu kama mimi asubuhi hiyo.

Halafu nikatazama juu kwa njia. Hakuna mtu.

Nikakaa juu ya ukuta. Jua likapanda. Rundo jipya la mawe halikuwepo. Lile la zamani lilikuwa limeisha. Nilianza kupima kwa macho ni mawe mangapi mtu mmoja mwenye magoti yangu anaweza kubeba kabla hajaingia kaburini, na jibu halikuwa zuri.

Mama Kasyoka alikuja akiwa na karai kichwani, peke yake. Akalipindua, akakaa juu yake.

"Soma," akasema.

"Watu wako wapi?"

"Soma tu."

"Mwaitu, siwezi kusomea mtu mmoja hadithi ya watu wengi."

"Basi ngoja."

Tukangoja. Akachimba mchanga kwa kidole cha mguu, akaona pale panapolowa, akaendelea kutazama pengine kana kwamba hajaona. Kisha tukasikia mtu anashuka akipiga kelele kabla hajaonekana. Alikuwa Ndunge. Alikuwa ametoka Kambu, na vumbi la safari lilikuwa bado kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Nimeacha nyanya zangu kwa Mombasa road na mtu simwamini," akasema. "Huyo kijana alirudi ama hakurudi?"

"Jiwe kwanza," akajibu Mama Kasyoka.

Nyuma ya Ndunge walikuja wengine, kila mmoja na jiwe, maana mwenyekiti alikuwa amewaandikia kwenye grupu kwamba hakuna kusikiza kwa mikono mitupu. Munyao alibeba mawili, moja kwa kila bega, akisema la pili ni la yule mbuzi.

Ndivyo tulivyojenga. Kila msimu goti moja, kila msimu sura kadhaa, na kila msimu nilifunga kitabu mahali pabaya. Nilikuwa hodari kwa hilo. Mimi mwenyewe sikusoma mbele hata mara moja, kwa sababu ningesoma mbele uso wangu ungesema. Wakaanza kubishana mambo ambayo hayakuwa katika kitabu. Ndunge akauliza kwa nini tusichonge vidaraja vya mawe kwenye ukingo, ili wazee washuke kuchota bila kuanguka. Tukachonga. Mama mmoja akataka matuta juu ya mto ili udongo wa mashamba usije na mvua. Wakachimba, mimi nikiwa sipo. Munyao akaacha kukoroga vibaya. Alianza kuniuliza mwamba unajibuje.

Msimu wa mwisho ukuta ulifika juu. Tuliweka jiwe la mwisho, tukalipaka simiti, na nikasema sasa tumalize. Watu wote wakakaa mchangani, na pasta akaja na kiti. Syombua alikuwa amezeeka. Alikuwa amechonga kidaraja cha juu kabisa na ameketi hapo na mkate kwenye kitambaa, jioni, barafu inaanza. Nikasoma: akasikia viatu kwenye ngazi, chini kabisa, vinapanda. Akasimama.

Nikageuza. Kulikuwa na ile katoni ya biskuti.

"Endelea," akasema Ndunge.

"Imeisha."

"Imeishaje? Geuza!"

"Nimegeuza."

"Hapo kumeandikwa nini?"

Nikawasomea. "Hifadhi mahali pakavu."

Nilimkumbuka Mzee Nzioka na mwizi wake, nikatamani kuwe na nyama mahali ya kutumwa kununua. Halafu wote wakaanza mara moja. Ndunge akasema ni Mutua, nani mwingine. Munyao akasema hapana, Mutua hakuwa mtu wa kupanda, huyo ni chifu amekuja kuuliza nani aliruhusu ngazi. Pasta akasema inaweza kuwa malaika. Akaambiwa malaika havai viatu. Walibishana mpaka kivuli cha ukuta kikafika ng'ambo ya pili, na mama mmoja aliyesema Mutua amekufa akakatazwa kuchota maji siku hiyo.

Kisha wakamgeukia Mama Kasyoka. Mwanawe wa kwanza alienda na malori ya Mombasa zamani, hajarudi, na hapa Zombe hakuna asiyejua, kwa hivyo walimwachia nafasi.

"Awe Mutua ama asiwe Mutua," akasema, "kuna mtu anapanda. Ngazi si ilikuwa ya hiyo?"

Alisimama, akapangusa mchanga, akatazama juu ya mto kule unakopinda.

"Fundi. Pale kwa kona kuna mwamba?"

"Kuna mwamba mzuri. Lakini mimi nimestaafu, mwaitu. Magoti."

"Magoti ndiyo inasoma?"

Basi mambo yako hivi. Mwiko wa kona ya juu anao Munyao. Timazi pia anayo, nilimpa, wala sikumwazima, na akiipoteza asije kwangu. Mimi nina karai la kukalia, katikati ya mstari, na wanasema likikaliwa na mtu mwingine mawe yanakuwa mazito. Juzi nilienda Makindu kwa yule mtu wa gunia. Alinikumbuka, akaniuliza safari hii nataka kitabu cha aina gani.

Nikamwambia kirefu. Ile kona ni pana.